Kuteuliwa, kujitolea au kupigiwa kura ya bahati: njia tatu za kuwapata wajumbe wa jopo kuu nchini Marekani

Katika chumba cha jopo kuu la mahakama hakuna jaji anayesimamia shauri, hakuna wakili wa utetezi, na mara nyingi mtu anayechunguzwa hajui hata kwamba jina lake limetajwa humo. Waliomo ni mwendesha mashtaka, shahidi mmoja mmoja kwa zamu yake, mwandishi wa kumbukumbu na raia wa kawaida. Katika mahakama za shirikisho raia hao huwa kati ya 16 na 23, na 12 kati yao wakiridhika kwamba kuna sababu za msingi za kuamini kosa limetendwa, hati ya mashtaka hutoka na mtu hupelekwa kujibu kosa zito. Wajumbe hawa si wazee wa baraza tuliowazoea katika mahakama zetu, ambao kwa miaka mingi waliketi na jaji kesi ikisikilizwa na kumpa maoni yao. Jopo kuu haliamui kama mtu ana hatia. Linaamua kama ashtakiwe, na linaamua hivyo kwa siri, baada ya kusikia upande mmoja.

Kwa kuwa upande wa pili haumo chumbani, namna wajumbe walivyopatikana ndiyo kinga kubwa aliyonayo anayechunguzwa, na ndiyo maana Wamarekani wamebishana kwa zaidi ya karne moja kuhusu nani aweke majina kapuni na nani ayachuje. Marekebisho ya Tano ya Katiba, ya mwaka 1791, yanalazimisha jopo kuu kwa makosa makubwa ya shirikisho. Mwaka 1884, katika shauri la Hurtado dhidi ya California, Mahakama ya Juu ilisema majimbo hayafungwi na sharti hilo, na tangu hapo kila jimbo likafuata njia yake. Uingereza, ilikotoka desturi yenyewe, iliachana nayo mwaka 1933.

Njia ninazozilinganisha ni tatu. Ya kwanza ni ya wateuzi: jaji huteua watu wachache, nao huandika majina ya wale wanaowaona wanafaa, Texas iliitumia hadi mwaka 2015. Ya pili ni ya kujitolea: raia huomba mwenyewe, husailiwa na majaji, kisha kura ya bahati hupigwa kati ya waliopita, kama zinavyofanya kaunti nyingi za California. Ya tatu ni ya kura ya bahati kutoka orodha za umma, ambayo mahakama za shirikisho huifuata chini ya sheria ya uteuzi wa wajumbe ya mwaka 1968. Nimeandika kwa ajili ya mtu anayetakiwa kupendekeza au kutetea mojawapo, awe mwanafunzi wa sheria au mwanachama wa kikundi cha kutetea haki katika kaunti yake, na pia kwa ajili ya raia mpya aliyetoka Kigoma au Bukavu ambaye bahasha ya mahakama imemfikia nyumbani na anataka kujua imemfikiaje.

Vigezo vyangu ni vinne. Kwanza, nani anaingia kapuni na nani anaachwa nje tangu mwanzo. Pili, kati ya walioingia, nani ana uwezo wa kweli wa kuketi miezi yote inayotakiwa. Tatu, mchujo unafanywaje, na unamnasa nani. Nne, kosa likifanyika katika uteuzi, linagunduliwa na nani na linarekebishwaje. Kigezo cha tatu ndicho watu hukijadili zaidi. Mimi naona cha kwanza kina uzito kuliko vyote, kwa sababu maswali ya jaji hayawezi kumrudisha mtu ambaye jina lake halikuandikwa kabisa.

Nani anaingia kapuni

Katika njia ya wateuzi, kapu linajazwa na ufahamu wa watu wachache. Texas jaji aliteua wateuzi watatu hadi watano, nao wakaandika majina kati ya 15 na 40. Watetezi wa njia hii walikuwa na hoja ya haki: katika kaunti ndogo ya mashambani mteuzi anajua nani ni mkweli, nani anashika siri na nani hufika kazini kwa wakati, na jopo la watu makini humaliza kazi yake vizuri. Mahakama ya Juu nayo haikuifuta. Mwaka 1970, katika shauri lililotoka Kaunti ya Greene, Alabama, ilikataa kusema kwamba sheria inayowataka wateuzi kutafuta watu waaminifu, wenye akili na wenye kuheshimika ni batili kwa maneno yake yenyewe.

Tatizo ni kwamba mtu humwandika anayemjua. Katika Kaunti ya Hidalgo, Texas, watu wenye asili ya Meksiko walikuwa asilimia 79.1 ya wakazi, lakini katika kipindi cha miaka 11 walikuwa asilimia 39 tu ya walioitwa kwenye majopo makuu. Mahakama ya Juu ilipoamua shauri hilo, Castaneda dhidi ya Partida, mwaka 1977, jambo lililowashangaza wengi ni kwamba wateuzi watatu kati ya watano walikuwa wenyewe wa asili ya Meksiko, na jaji aliyewateua pia. Hilo halikutosha kuifuta dalili ya ubaguzi. Nalisisitiza kwa sababu hata kwetu hoja ya kwanza ya kutetea kamati yoyote huwa kwamba wenzetu wamo ndani yake. Kuwamo kwa wenzetu mezani hakuthibitishi kwamba majina yanayotoka mezani yanafanana na watu wa mtaani.

Njia ya kujitolea ya California ina mlango mpana kwa maandishi. Anayetakiwa ni raia mwenye umri wa miaka 18 au zaidi, aliyeishi katika kaunti mwaka mmoja, mwenye busara na ajuaye Kiingereza cha kutosha. Hata hivyo, anayeomba ni yule aliyesikia kwamba nafasi ipo, na taarifa hizo huzunguka zaidi katika duara za watu waliokwisha kuwa karibu na serikali ya kaunti. Zamani mlango ulikuwa mwembamba zaidi, kwa kuwa majaji wenyewe ndio waliopendekeza majina. Mwaka 1968 wanaharakati 13 wa mashariki ya Los Angeles waliposhtakiwa kwa kuandaa migomo ya wanafunzi, wakili wao Oscar Zeta Acosta aliwaita majaji wa kaunti kizimbani, mmoja baada ya mwingine, akawauliza kwa kiapo walimpendekeza nani na kwa nini. Picha iliyojitokeza ilikuwa ya majaji wanaopendekeza marafiki na majirani wa tabaka lao, bila mtu yeyote kuwa amekaa chini kupanga kubagua.

Kura ya bahati inaanzia kwenye daftari la wapiga kura, likiongezewa orodha nyingine, kama ya leseni za udereva, pale ambapo daftari peke yake halitoshi kuonyesha sura ya jamii. Sheria ya 1968 inataka kapu kuu la majina lisipungue majina 1,000, na limwagwe na kujazwa upya angalau kila baada ya miaka minne. Sheria bado inaliita gurudumu, kutoka enzi za pipa la mbao lililozungushwa kwa mkono, ingawa leo ni programu ya kompyuta inayotoa majina. Hapa hakuna mtu anayemwandika rafiki yake. Lakini orodha nazo zina matundu: anayehama nyumba mara kwa mara, asiyejiandikisha kupiga kura na asiye na gari huonekana kidogo, na hao aghalabu ni maskini, vijana na wahamiaji waliopata uraia karibuni.

Nani anaweza kuketi

Hapa nitakwenda haraka. Jopo kuu la shirikisho linaweza kudumu hadi miezi 18, na kuongezewa hadi miezi 6. Posho ni dola 50 kwa siku, na inaweza kufikia 60 baada ya siku 45 za kuhudumu. Sheria inamkataza mwajiri kumfukuza mtu kwa sababu ya wito huo, lakini haimlazimishi mwajiri binafsi kumlipa mshahara wa siku hizo. Dereva wa teksi au msusi anayeishi kwa mapato ya siku atajieleza kwa karani na huenda akasamehewa kwa sababu ya ugumu wa maisha, na kila anayesamehewa hivyo hupunguza kidogo ile sura ya jamii ambayo kura ya bahati ililenga kuileta.

Kwa kigezo hiki kujitolea kuna nguvu upande mmoja na udhaifu upande wa pili. Aliyejitolea atakuja, na atakuja mwaka mzima, kwa sababu alijua anachokiomba. Lakini mwaka mzima kwa posho ndogo ni kazi ya mstaafu mwenye pensheni, na wastaafu ndio wanaojaza viti hivyo katika kaunti nyingi. Wateuzi, kwa upande wao, waliwatafuta watu waliokwisha kukubali kabla ya kuandikwa, hivyo mahudhurio hayakuwa shida.

Mchujo

Katika jopo la kusikiliza kesi, mawakili wa pande zote huwauliza maswali watarajiwa na wanaweza kuwakataa baadhi yao hata bila kutoa sababu. Katika jopo kuu la shirikisho haki hiyo ya kukataa bila sababu haipo. Kanuni ya 6 ya mwenendo wa makosa ya jinai inaruhusu pingamizi kwa misingi miwili: kwamba jopo halikupatikana kwa mujibu wa sheria, au kwamba mjumbe fulani hana sifa za kisheria. Upendeleo wa moyoni haukutajwa, ingawa jaji anayeliapisha jopo anaweza kuuliza na kumwondoa mtu.

Kwa hiyo mchujo wa shirikisho hufanyika zaidi kwenye karatasi. Fomu ya maswali humfikia mtu nyumbani, naye anatakiwa kuirudisha ndani ya siku 10. Inauliza kama ni raia, kama amefikisha miaka 18, kama ameishi katika wilaya ya mahakama mwaka mmoja, kama anasoma, anaandika na kuzungumza Kiingereza cha kutosha kuijaza, kama ana ugonjwa utakaomzuia, na kama anakabiliwa na shtaka au aliwahi kupatikana na hatia ya kosa linaloweza kufungwa zaidi ya mwaka mmoja bila kurudishiwa haki zake. Askari walio kazini, polisi, wazima moto walioajiriwa na watumishi wa umma wenye madaraka huondolewa hata wakitaka kuhudumu.

Katika fomu hiyo hiyo kuna kisanduku kinachouliza rangi au asili ya mtu, na nimeona watu wetu wakikiruka kwa hofu. Hofu hiyo ina historia. Katika Parokia ya Lafayette, Louisiana, jimbo ambako kaunti huitwa parokia, wateuzi walipokea fomu zaidi ya 7,000, ambapo 1,015 zilitoka kwa watu weusi. Kila fomu ilibanwa na kadi iliyoonyesha rangi ya mwenyewe, kisha zikapunguzwa kwa hatua mbili hadi zikabaki 400, na kati ya hizo za watu weusi zilikuwa 27. Kutoka hapo walichaguliwa watu 20, mweusi mmoja. Kwenye jopo la watu 12 lililotoa mashtaka, mweusi hakuwamo hata mmoja. Mahakama ya Juu ilibatilisha hukumu hiyo mwaka 1972. Miaka mitano kabla, katika shauri la Whitus dhidi ya Georgia, ilionekana kwamba wateuzi walichukua majina kutoka daftari la kodi ambamo wazungu waliandikwa kwenye karatasi nyeupe na watu weusi kwenye karatasi za njano. Leo sheria ya shirikisho inasema wazi kwamba swali la rangi linaulizwa kwa ajili ya kuzuia ubaguzi tu na halimwongezei wala kumpunguzia mtu sifa. Takwimu za kisanduku hicho ndizo zinazomwezesha wakili kuonyesha kwamba kapu limepinda, kwa hiyo anayekiacha wazi anamnyima mwenzake ushahidi.

Mchujo wa California ni mzito zaidi, kwa kuwa jaji hukutana na mwombaji uso kwa uso. Faida yake ni kwamba mtu aliyekuja kulipiza kisasi kwa idara fulani anaweza kuonekana mapema. Hasara ni kwamba usaili humpima pia mtu lafudhi, mavazi na namna ya kuketi, hata kama jaji hana nia hiyo. Huko New Jersey kuna njia ya katikati: tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu ya jimbo katika shauri la Murphy mwaka 1988, mwendesha mashtaka anayefahamu kwamba mjumbe ana maslahi katika jambo lililo mbele ya jopo anawajibika kumjulisha jaji, na jaji ndiye anayeamua abaki au aondoke. Mchujo wa aina hii hauhitaji usaili mrefu, nao huja wakati shauri lenyewe limejulikana, si mwanzoni ambapo hakuna ajuaye litakuja lipi.

Na njia ya wateuzi? Kwa nadharia mchujo wake ulikuwa mkali kuliko yote, kwa maana kila jina lilipita kwenye kichwa cha mtu kabla ya kuandikwa. Kwa vitendo ulimkinga anayejulikana na wakubwa. Mwaka 2003 afisa wa polisi na karani wa duka waliuawa katika uporaji jijini Houston, na Alfred Dewayne Brown akatuhumiwa. Mpenzi wake alieleza kwamba asubuhi ile Brown alikuwa nyumbani kwake. Alipoyasema hayo mbele ya jopo kuu alibanwa na kuonywa kuhusu kusema uongo chini ya kiapo na kuhusu hatima ya watoto wake. Baadaye aliwekwa mahabusu kwa shtaka la kusema uongo chini ya kiapo, na hatimaye akabadili maelezo. Kiongozi wa jopo lile alikuwa mwenyewe afisa wa polisi wa Houston. Brown alihukumiwa kifo mwaka 2005. Hukumu ilitenguliwa mwaka 2014, baada ya kupatikana kumbukumbu ya simu iliyounga mkono maelezo ya awali ya yule mwanamke, naye akaachiwa mwaka 2015. Mwandishi wa Houston Chronicle, Lisa Falkenberg, aliyechapisha yaliyosemwa ndani ya chumba kile, alipata tuzo ya Pulitzer mwaka huo huo, na bunge la Texas likaondoa wateuzi kuanzia tarehe 1 Septemba 2015. Sasa watu kati ya 20 na 125 huitwa kwa bahati, na jaji hupata miongoni mwao wajumbe 12 na wa akiba 4.

Sisemi kwamba kura ya bahati peke yake ingemzuia polisi yule kuketi. Sheria inayowaondoa polisi ni ya shirikisho, na jimbo linaloiga kura bila kuiga masharti ya kuwaondoa wenye mgongano wa maslahi litakuwa limebadilisha kapu na kuacha chujio lile lile.

Kosa likifanyika

Katika mahakama za shirikisho mshtakiwa ana haki ya kukagua kumbukumbu za uteuzi, na Mahakama ya Juu ililithibitisha hilo mwaka 1975, lakini pingamizi linapaswa kuletwa ndani ya siku 7 tangu kosa lilipogunduliwa au lilipopaswa kugunduliwa. Kura ya bahati huacha nyaraka: mpango ulioandikwa, tarehe za kujaza kapu, idadi ya fomu zilizorudi. Kujitolea huacha maombi na orodha ya waliosailiwa, ila sababu za kumkataa mwombaji hubaki kwa jaji. Njia ya wateuzi haikuacha chochote isipokuwa orodha ya mwisho, na ndiyo maana wakili wa Los Angeles, ambako wakati ule majaji wenyewe ndio walikuwa kama wateuzi, alilazimika kuwahoji majaji hao kwa kiapo ili apate jibu.

Kuchelewa kugundua kuna gharama kubwa. Booker Hillery alitiwa hatiani katika Kaunti ya Kings, California, mwaka 1962, mahali ambapo hakuna mtu mweusi aliyewahi kuketi kwenye jopo kuu. Mahakama ya Juu ilikubali hoja yake mwaka 1986, miaka 24 baadaye, na jimbo likalazimika kuchagua kati ya kumshtaki upya kwa ushahidi uliozeeka na kumwachia. Familia ya marehemu nayo ilikuwa inangoja miaka yote hiyo.

Kwa hali ipi, njia ipi

Kama jopo lako linatoa mashtaka ya jinai, hasa katika kaunti yenye mchanganyiko wa watu, kura ya bahati ndiyo yenye ulinzi zaidi, mradi orodha za chanzo ziwe zaidi ya moja na polisi pamoja na waendesha mashtaka waondolewe kwa maandishi. Ongeza wajibu wa aina ya New Jersey, kwa kuwa mchujo wa mwanzoni hauwezi kujua jopo litakutana na nani katika mwezi wa saba wa kazi yake.

Kama kazi ya jopo ni ukaguzi, yaani kuingia magereza ya kaunti, kusoma hesabu za halmashauri na kuandika ripoti, kujitolea kunafaa zaidi, kwa sababu kazi hiyo inahitaji mtu mwenye muda na hamu, na ripoti yake haimpeleki mtu kizimbani. Ndiyo maana kaunti nyingi za California hutenganisha jopo la ukaguzi na lile la jinai. Anayependekeza njia hii apendekeze pia posho inayomwezesha mfanyakazi kuomba, na matangazo yatakayofika makanisani, misikitini na kwenye maduka ambako wahamiaji hukutana.

Kama kaunti ni ndogo sana na watu wake wanafahamiana wote, hoja ya wateuzi itarudi tena kwa jina lingine, na inastahili kusikilizwa: katika mahali kama hapo kura ya bahati inaweza kumleta shemeji wa mtuhumiwa. Jibu linalofaa hapo ni kupanua kapu kwa kuunganisha kaunti jirani pale sheria inaporuhusu, au kuweka wajumbe wa akiba wa kutosha. Anayeshikilia wateuzi aonyeshe angalau orodha ya kila mwaka ikilinganishwa na sensa ya wakazi.

Na wewe uliyepokea fomu mezani: ijaze ndani ya siku 10, pamoja na kile kisanduku cha rangi. Kama Kiingereza chako hakitoshi kuijaza, sema hivyo kwa ukweli. Kama unaogopa kupoteza riziki, andika ombi la kusamehewa na ueleze mapato yako. Na siku ya kuapishwa, kama kuna aina ya kesi ambayo unajua moyo wako hauwezi kuipima kwa haki, labda kwa sababu ya yaliyokupata Kivu au yaliyompata ndugu yako, mwambie jaji kabla hujainua mkono.